Jiwe lako la kwanza la pete: kuchonga akiki kwa mkono

Haipiti wiki bila mtu kunisimamia hapa barazani, Mji wa Kale, Mombasa, na jiwe lake kalifunga kwenye karatasi kama njugu. "Fundi, nimelipata Voi. Nataka kulichonga mwenyewe, nianzie wapi?" Swali zuri. Tabu ni kwamba jiwe lenyewe huwa ganeti ya Taita au, mtu akiwa na bahati, tsavoraiti, ile ganeti ya kijani, na mwenyewe hajawahi kushika hata msasa. Jibu langu ni hilohilo kila siku: hilo liweke kwanza. Anza na akiki.

Basi nimeyaandika haya nipumzishe koo. Tutachonga jiwe la mgongo, lile lililo bapa chini na kuvimba juu kama nusu ya yai, kama la pete za fedha wanazovaa wazee wetu. Wengine huliita kaboshoni. Halitaki mashine, na vifaa vyake karibu vyote viko mjini. Linalotaka ni jioni tano au sita na mtu asiyependa kuruka hatua.

Kwa nini akiki

Friedrich Mohs, Mjerumani, aliyapanga mawe kwa ugumu mwaka 1812, kutoka 1 hadi 10. Kanuni yake ni nyepesi: lenye nambari kubwa hulikwaruza lenye nambari ndogo. Almasi ni 10. Yakuti, nyekundu na ya samawati, ni 9. Akiki ni kati ya 6.5 na 7, ganeti nyingi zinakaribiana nayo, feruzi ni 5 hadi 6, marijani 3 hadi 4, na kaharabu utaikwaruza hata kwa sarafu. Akiki basi ni ngumu kiasi cha kushika mng'aro, lakini si ngumu ya kukuvunja moyo. Tena haina tabaka la kupasukia. Tanzanaiti ina jina kubwa, lakini ina upande mmoja ambao ukiigonga vibaya inaachana mara moja, vipande viwili, na pesa zako zimekwenda.

Najua wengi hawaji kwa sababu ya ugumu. Wanakuja kwa sababu bibi alisema feruzi hukinga jicho la hasidi, au kwa sababu imepokewa kwamba Mtume alivaa pete ya fedha yenye jiwe la Kihabeshi. Sura ya Ar-Rahman inataja lulu, marijani na yakuti, na pwani hii watu wameitwa Lulu, Feruzi na Almasi tangu zama. Mimi sibishani na mtu. Ila feruzi ina vitundu vidogo mno vinavyokunywa mafuta na jasho, na ikinywa sana hugeuka kijani. Mama mmoja aliniletea yake akiwa na hakika kwamba imekula hasadi ya wifi yake. Ilikuwa imekula losheni.

Tafuta hivi kwanza

- Kipande bapa cha akiki, unene wa milimita 5 au 6. Kama una bonge zima, mpelekee fundi wa vigae mwenye msumeno wa almasi wa maji. Diski yake hula kama milimita 2 kila anapopita, kwa hiyo usimpelekee jiwe la thamani.
- Pedi za almasi za mafundi wa marumaru: nambari 50, 100, 200, 400, 800, 1500 na 3000. Nambari ikiwa ndogo, pedi ni kali zaidi. Ukikosa zile laini, msasa mweusi wa maji wa wapaka rangi magari utafaa kuanzia 400 kwenda juu.
- Ndara kuukuu. Usicheke, utaona kazi yake.
- Misumari ya inchi 4 yenye kichwa bapa, supagluu, na asetoni.
- Kipande cha waya wa alumini kilichochongwa ncha.
- Rula ya milimita, tochi, na lenzi ya kukuza mara 10.
- Unga wa oksidi ya seriamu, ule wanaotumia mafundi wa vioo, na kipande cha ngozi ya mkoba wa zamani.
- Beseni mbili na maji matamu. Maji ya kisima chetu cha chumvi huozesha msumari na kuacha ukungu mweupe juu ya jiwe, ukashindwa kuona mikwaruzo.

Mara kwa mara naulizwa kama mchanga wa bahari unaweza kushika nafasi ya msasa. Hauwezi. Mchanga wa fuo zetu umechanganyika na matumbawe na kombe zilizosagika, vitu laini kuliko akiki yenyewe, na punje zake hazilingani.

Na hili nalisema kabla hujalowesha kitu: usisugue jiwe kavu, hata dakika moja. Vumbi la akiki ni vumbi la silika. Likiingia mapafuni halitoki, na ugonjwa wake, silikosisi, hauna dawa ya kuuondoa. Loweka kila kitu. Tope linalobaki ulipanguse kwa kitambaa kibichi. Likikauka sakafuni ukalifagia, umelirudisha hewani. Usilimwage kwenye sinki, litageuka saruji ndani ya bomba. Barakoa vaa pia, ila maji ndiyo kinga yenyewe.

Kazi yenyewe

1. Hakikisha unalo jiwe kweli, si kioo. Kona ya akiki hukwaruza kioo cha dirisha bila taabu. Kioo kwa kioo huteleza. Kisha lenzi. Mwaka wangu wa pili kazini nilinunua jiwe la kijani safi kando ya barabara, muuzaji kaapa kwa mama yake. Nilipolitia majini na kulimulika kwa nyuma, viputo viwili, duara kabisa, vimetulia ndani kama vya soda. Chupa. Nimeiweka mpaka leo, nawaonyesha wanafunzi. Akiki za buluu kali au waridi kali nazo karibu zote zimetiwa rangi, lakini hizo bado ni akiki na kwa mazoezi hazina neno.

2. Lisome. Lilowanishe, liweke mbele ya tochi, uligeuze polepole. Ufa huonekana kama uzi unaometa na kukata mwanga. Mstari wa rangi hupita na mwanga ukipita nao. Ufa ukiwa katikati, hamia kona nyingine ya kipande. Usijidanganye kwamba utaisha ukisugua, huwa unazidi.

3. Chora. Chagua yai la milimita 18 kwa 13. Ni kipimo cha kawaida cha pete, na si dogo la kukuponyoka vidoleni. Chora upande wa chini, kwa ule waya wa alumini. Kalamu ya wino itafutika kwenye maji ya kwanza, utabaki unakisia. Alumini huacha mstari wa fedha usiotoka.

4. Fuata mstari. Laza pedi ya 50 juu ya ubao, imwagie maji, shika jiwe likiwa limesimama wima kwa ukingo wake, usugue. Pole pole ndiyo mwendo. Simama nusu milimita kabla ya mstari, kisha umalizie na 100. Ukifika mstarini kwa pedi kali, vijipande vya ukingo vitaruka na yai lako litakuwa na meno. Geuza jiwe kila baada ya misuguo kumi. Mkono wa mtu una upande mmoja wenye nguvu, na wanaosahau kugeuza hunitolea mayai ya kuku aliyeudhiwa.

5. Vunja makali ya chini. Kwa pedi ya 200, pitisha ukingo wa chini kwa kuuinamisha, duara zima, mpaka pawe na mteremko mdogo, upana wa uzi nene. Ni kazi ya dakika mbili na karibu kila anayeanza huiruka. Halafu sonara anapolikandamiza jiwe kwenye pete, ukingo mkali unamegeka, na lawama anabebeshwa sonara.

6. Libandike msumari. Safisha kichwa cha msumari na kitako cha jiwe, yaani upande wake wa chini, kwa asetoni, tone moja la supagluu, simamisha msumari katikati, uache usiku kucha. Mafundi wa zamani walitumia lakiri ya moto, na bado ni nzuri kwa anayejua. Lakini joto la hapa Mombasa, Februari na Machi hasa, lakiri hulegea saa za adhuhuri na jiwe linahama taratibu bila wewe kujua. Mgongo ukiwa tayari unagundua umechonga upande.

7. Toa mgongo. Hapa ndipo jiwe linapopata sura, kwa hiyo usiende mbio.

Kwanza chora mstari kuzunguka ukingo, milimita 1 juu ya kitako. Chini ya mstari huo hupagusi tena. Ni ukuta utakaoshikwa na fedha ya pete, na uwe umeinamia ndani kidogo tu, kwa sababu ukuta uliosimama kabisa, au mbaya zaidi uliotanuka juu, haushikiki.

Sasa shika msumari kama kalamu, uinamishe nusu ya njia kati ya kulala na kusimama, na kwa pedi ya 100 zungusha jiwe huku unasugua. Utapata mteremko mmoja kuzunguka, kama paa la makuti lililokatwa juu. Inua msumari kidogo, utoe mteremko wa pili juu ya wa kwanza. Inua tena, wa tatu. Sasa una ngazi, na juu kabisa pana kiwanja kidogo. Kazi iliyobaki ni kuzifuta zile kona kati ya ngazi na ngazi kwa kubembeza mkono, msumari ukipanda na kushuka huku unazunguka, kama unavyobembeza mtoto asiyetaka kulala.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kukiogopa kile kiwanja cha juu. Wanasugua ubavuni siku mbili, juu hawagusi, jiwe linaishia kuwa na meza. Jipime hivi: weka taa nyuma ya jiwe, ulitazame kama kivuli, uligeuze. Ukingo wa kivuli uwe upinde mmoja usiokatika. Palipo na mstari mnyoofu, hata mfupi kama punje ya mchele, rudi papo hapo. Ukiuacha sasa utaukuta mwisho, unang'aa vizuri sana, ukikutazama.

8. Futa mikwaruzo. Sasa ndara. Kata kipande cha soli, laza pedi ya 200 juu yake. Soli inabonyea, pedi inaukumbatia mgongo badala ya kuutia mabapa mapya. Sugua mpaka mikwaruzo yote ya 100 imekwisha, kisha 400, kisha 800, 1500, 3000. Kila unapobadili pedi badili na mwelekeo: kama ulisugua kwa urefu, sasa sugua kwa upana, ili mikwaruzo ya zamani ijitenge uione.

Kati ya pedi na pedi, osha jiwe, osha mikono, pitisha mswaki chini ya kucha, mwaga maji, chukua beseni la pili. Kila pedi na mfuko wake. Punje moja ya 100 iliyojificha kwenye pedi ya 1500 itakuchorea mstari kama wa paka, na hautatoka mpaka urudi 400.

Tena kausha kabla ya kukagua. Maji yanakudanganya. Jiwe lililolowa linang'aa hata likiwa limetoka kwenye pedi ya 200, maana maji yamejaza mikwaruzo. Lifute, lipulizie likauke, ulitazame kwa lenzi chini ya taa ya pembeni. Ukiona hata mkwaruzo mmoja uliozidi wenzake kina, hujamaliza pedi hiyo. Sijali umesugua muda gani.

9. Ng'arisha. Koroga seriamu na maji iwe nzito kama uji wa mtoto, upake kwenye ngozi iliyotandazwa juu ya ndara, usugue kwa nguvu. Mwanzoni hutaona kitu. Ngozi ikianza kukauka utaisikia inashika jiwe, inavuta mkono. Hapo ndipo kazi inapofanyika. Ongeza tone la maji, endelea. Nusu saa, wakati mwingine saa nzima.

Nenda chini ya taa ya mrija. Tazama ule mstari mweupe wa taa unavyolala juu ya jiwe, kisha ligeuze taratibu. Mstari ukiteleza kutoka ukingo hadi ukingo bila kuvunjika wala kutetemeka, umechonga. Ukifika mahali ukajikunja, hapo pana bapa ulilolificha kwenye hatua ya 7.

10. Litoe, ulipeleke. Lizamishe kwenye asetoni ndani ya gilasi iliyofunikwa, mbali na jiko, usiku mmoja. Litajiachia. Usiling'oe kwa koleo. Asetoni haina neno kwa akiki, lakini kaharabu na feruzi iliyotiwa gundi usiziweke humo, zitaharibika. Kisha kilainishe kitako mpaka 400 tu, kung'arisha upande usioonekana ni kupoteza seriamu. Mpelekee sonara jiwe kwanza ndipo atengeneze pete. Ukinunua pete tupu ukataka jiwe lilingane nayo, utasugua mpaka usahau jina lako.

Mambo yakienda kombo

*Linang'aa katikati, pembeni karibu na ukuta kuna duara la ukungu.* Ndilo lalamiko namba moja. Hukuinamisha msumari vya kutosha ulipokuwa kwenye 400 na 800, kwa hiyo mikwaruzo ya chini haijaguswa. Rudi 400, fanya pembeni tu, upande tena ngazi zote.

*Mstari mmoja mrefu umetokea kwenye 3000, haukuwepo.* Punje imeingia. Osha pedi kwa mswaki na sabuni. Mstari ukirudi tena mahali pengine, pedi hiyo itoe kazini.

*Uso una mawimbi kama ganda la chungwa.* Tabaka za akiki hazilingani ugumu, na zile laini zimelika haraka. Umebonyeza sana juu ya kitu laini mno. Toa ndara, weka mpira mgumu zaidi, upunguze nguvu kuanzia 800.

*Jiwe linang'oka kwenye msumari.* Mara tisa kwa kumi ni mafuta. Ulishika kitako kwa kidole baada ya kukisafisha. Na usitumie dawa ya kufuta rangi ya kucha yenye losheni ukidhani ni asetoni.

*Vijipande vimeruka ukingoni.* Punguza yai zima kwa nusu milimita kila upande, ukubali litakuwa 17 kwa 12. Sonara hatakuuliza.

*Seriamu haifanyi kitu kabisa.* Basi mikwaruzo ipo na hujaikausha kuiona. Seriamu haichongi, inamalizia tu. Kama jiwe ni safi kweli na bado limefifia, ngozi imelowa mno.

*Sonara anasema jiwe linacheza kwenye pete.* Kitako si bapa. Weka pedi ya 200 juu ya kioo, usiweke ndara, sugua kitako kwa mwendo wa nane, ulijaribu juu ya kioo kikavu kwa kuligusa pembeni. Likitikisika, endelea.

Na lile la Voi?

Ganeti unaweza kuichonga kwa mgongo vivyo hivyo ukishatoa akiki tano nzuri, hasa zile nyekundu zilizojaa doa, zisizofaa kitu kingine. Yakuti za Mangari, kule Taita, zenye ukungu pia hupendeza zikiwa na mgongo, lakini kwa ugumu wa 9 pedi zote ziwe za almasi mpaka mwisho, na mng'aro ni wa unga wa almasi. Seriamu haitaitikisa.

Tsavoraiti safi ni habari nyingine. Ilionekana Tanzania mwaka 1967, na kampuni ya Tiffany ikaitangaza kwa jina la Tsavo mwaka 1974. Jiwe la namna hiyo hukatwa pande pande, kwa mashine inayopima nyuzi, kwa sababu mwanga lazima ugonge chini na kurudi machoni. Kila jiwe lina nyuzi zake: kwenye tsavoraiti mwanga huanza kurudi wote kwenye nyuzi 35 hivi, kwenye kwatzi, jamii moja na akiki, 40 na kidogo. Ukikata chini ya hapo, mwanga unapita chini, katikati ya jiwe panabaki dirisha, na unasoma gazeti kupitia kito ulichokiuzia ng'ombe. Hiyo mpe mkataji mwenye mashine, ukae naye utazame.

Kama nia yako ni kununua na kuuza, jua kwamba Sheria ya Madini ya 2016 inataka leseni kwa mfanyabiashara wa madini. Ulizia kabla, sio baada ya kusimamishwa njiani na mfuko wa mawe.

Kwa sasa lifunge lile jiwe kwenye karatasi yake peke yake. Wengi huniletea yakuti, ganeti na tanzanaiti kwenye karatasi moja, zimesafiri pamoja kwenye matatu kutoka Voi, kilomita mia na hamsini za kugongana. Yakuti hufika salama. Tanzanaiti hufika na kona zimelika.